Matandiko ya Farasi Katika Chumba cha Mama

Mume wangu wa kwanza alikuwa mtunza farasi huko Shanzu, na ukimsikia akisimulia ungedhani farasi wale kawazaa yeye. Walikuwa wanyama wa watalii, wa kupandwa na Wazungu wenye mapaja mekundu na kutembezwa ufuoni maji yakipwa. Kazi yake ilikuwa kushika kamba mbele na kuzoa mavi nyuma. Lakini akirudi nyumbani Kisauni alipita mtaani na buti za mpira mpaka magotini, jua la Januari likiwaka, ili watu wamuulize. Waliomuuliza waliuliza mara moja tu. Siku ya pili wakimwona kwa mbali, walikata kona.

Mwenye farasi alikuwa mama wa Kizungu, mkali, ila mwenye akili zake. Masika yakianza, hoteli za kule hubaki na walinzi na paka, na yeye husafiri kwao mpaka wageni warudi. Matandiko ya farasi, pamoja na hatamu na mikanda yake yote ya ngozi, yalikuwa yakiwekwa katika kibanda cha makuti. Mwaka ule, katikati ya miaka ya themanini, makuti yalikuwa yamechoka na mvua ya kwanza ilipita kama haikuona paa. Basi akamwambia mume wangu ayachukue akayatunze nyumbani. Akirudi akayakuta yameota ukungu, kazi hana. Akiyakuta mazima, atamfanya mkubwa wa zizi. Kilemba cha ukoka tu hicho, maana zizi lenyewe lilikuwa na yeye na mzee mmoja asiyesikia vizuri. Lakini mume wangu alikivaa, na tangu siku ile akawa anakohoa kwanza kabla ya kusema.

Maagizo aliyopewa yalikuwa mepesi. Hata mimi, ambaye farasi nilikuwa nikimkimbia, niliyashika aliponisimulia. Yatundikwe, yasilazwe. Upepo upite juu na chini. Yafutwe kwa kitambaa kikavu, yasianikwe juani, yasisogezwe kwenye moto, na kamwe yasifungwe ndani ya nailoni.

Mume wangu akaenda akanunua mafuta ya nazi.

Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa huu. Hatujaona bado kitu kisichofaa kupakwa mafuta ya nazi. Nywele, magoti ya watoto, bawaba za mlango, tumbo la mja mzito. Kikikauka tunakipaka, kikilowa tunakipaka. Akayapaka matandiko yale mpaka yakawa yanateleza mikononi, akayafunga moja moja kwa nailoni za magodoro alizookota hotelini, akayasukumia chini ya kitanda chetu.

"Bwana," nikamwambia, "si alisema nailoni hapana?"

"Mzungu ajua mvua ya kwao," akanijibu. "Hii nimezaliwa nayo mie."

Mvua aliyozaliwa nayo haikumjua hata jina. Hazikupita siku nyingi chumba kikaanza kunuka uvundo, ule wa kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Tulipofungua nailoni, ngozi ilikuwa imeota manyoya, meupe hapa, ya kijani pale, na mafuta ya nazi yamechacha juu yake. Mtaalamu wangu akashika kichwa. Kisha akachukua tandiko moja akaliweka karibu na jiko, na kabla sijamaliza kupepeta mchele upindo mmoja ulikuwa umekauka kama ng'onda. Nikamnyang'anya. Mimi ndiye niliyechanganya siki na maji nikafuta lile rojo lote, mkanda kwa mkanda, huku yeye ameketi kizingitini akiniambia nisisugue sana.

Baada ya hapo akataka chumba kikavu.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na mawe, yenye vyumba vitatu. Viwili vya nyuma kuta zake zilitoa jasho masika yote. Cha mbele kilikuwa na madirisha mawili, na nyuma ya ukuta wake lilikuwa jiko langu, kwa hiyo ukuta ulikuwa na ujoto hata siku ya mvua. Ndani ya chumba hicho alikaa mama yangu. Nilimtoa Likoni baada ya baba kufariki, kwa sababu ya pumu. Kule kwao, nyumba ilikuwa karibu na maji na ilimfanya alale ameketi. Kwangu alikuwa amepata nafuu. Alilala ubavu kama watu wengine, asubuhi akakaa kitandani akisuka ukili, na akipita jirani dirishani alimsalimu kwa sentensi nzima bila kutua. Wenye pumu watajua sentensi nzima ni mali ya namna gani.

Kwetu, mkwe na mkwewe hawasemezani uso kwa uso, wala mume haingii chumba alicholala mama wa mkewe. Neno likiwapo hupitia kwa mke. Mume wangu alisimama ukumbini, hatua chache tu kutoka pazia la mama, akapaza sauti ili nisikie mimi niliyekuwa mbele yake.

"Mwambie mamako naomba chumba hiki. Mpaka masika yaishe."

Sikuwahi kufungua kinywa. Mama alijibu kutoka ndani, naye akinisemesha mimi. "Mwanangu, mwambie mumeo hakuna neno. Kwake hapa."

Nikasema hapana. Nikasema tena. Mama akaniita ndani, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. "Waniaibisha mbele ya mkwe wangu? Mie nimekuja kula kwake, nimzuie chumba chake?" Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mama yangu aliifunga ile kamba mwenyewe, mafundo mawili. Mchana ule nikahamisha kitanda chake, sanduku lake na miyaa yake ya ukili, nikavipeleka nyuma.

Kumbe mtu yule, akiamua, aliweza kufuata maagizo. Alifunga miti kutoka ukuta hadi ukuta akatundika kila tandiko peke yake. Akaweka magunia ya makaa pembeni yanywe unyevu. Jua likichungulia anafungua madirisha, wingu likija anayafunga. Akachukua shuka nyeupe, shuka ya mama yangu, akayafunika vumbi lisiyapate. Asubuhi kabla ya chai alikwenda kuyatazama, na akiwa kazini mchana alituma mtu aje kuniuliza yanaendeleaje. Mama aliyelala chumba cha pili hakuulizwa ameamkaje, hata kwa kupitia kwangu. Nilimchukia. Silisemi hili kwa kuzunguka. Nilimtazama akila na nikamchukia jinsi anavyotafuna.

Kifua cha mama kilirudia hali yake. Kwanza mluzi mdogo akiinama. Kisha akaanza kulala ameketi, mgongo umeegemea ule ukuta wenye jasho, na ukili ukabaki mapajani bila kusukwa. Akaacha kuwasalimu majirani. Nikampeleka zahanati, wakampa vidonge, na daktari akaniambia maneno machache: mtoe penye unyevu, la sivyo hatafika mwisho wa mvua hizi.

Nikampelekea mume wangu maneno hayo kama yalivyo.

"Masika yaelekea mwisho," akasema. "Mwambie avumilie kidogo. Mpake mafuta ya nazi kifuani."

Mama yake mume wangu alikaa mitaa miwili kutoka kwetu, katika nyumba ya mawe yenye mabati mapya. Alikuwa na sebule yenye makochi ambayo hakuna aliyeyakalia tangu yanunuliwe. Nikamuuliza mume wangu kwa nini matandiko yasiende huko. Akasema mama yake ni mtu mzima, hataki kusumbuliwa. Alisema hivyo bila kucheka.

Asubuhi iliyofuata, yeye akiwa Shanzu kulisha farasi, mvua ilikatika. Nikaita mkokoteni. Nikayashusha matandiko yote, nikayapanga, nikatandaza ile shuka juu yake, tukaondoka na mwenye mkokoteni katikati ya madimbwi. Wanawake waliokuwa wakianua nguo waliniuliza farasi wenyewe nimewaacha wapi. Niliwaambia mmoja nimeolewa naye.

Mama mkwe alinipokea mlangoni, akiwa amesimama pale pale pa kupitia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo yale makorokoro ya farasi hayo?"

"Ndiyo, mama. Naomba yakae kwako mpaka—"

"Aa, la! Mwanangu nshamwambia tangu yalipoota ukungu, alipokuja kuniomba. Humu hayaingii. Mie nina kifua." Akajifunika pua kwa ncha ya leso, ingawa upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu. "Na mwenyewe alinambia, wallahi hakunificha. Alisema kweli mama, ukungu wa ngozi ni mbaya, mtu wa kifua waweza kumuua. Bora niyaweke kwangu."

Mwenye mkokoteni alinitazama, akatazama chini. Mimi nilibaki nimeshika ubao wa mkokoteni. Nilikuwa nimemdhani mpumbavu. Miezi yote ile nilikuwa nikimdharau kwa upumbavu wake, na kumbe nilikuwa nikimpa heshima asiyostahili. Alijua. Alikwenda kwanza kwa mama yake, akaona kifua chake, akakihurumia, kisha akaja kwa wangu.

Nikaaga kwa adabu, nikarudi. Matandiko niliyatupa chumba cha nyuma, sakafuni, moja juu ya jingine. Magunia ya makaa nikayatoa uani. Nikafuta kuta za chumba cha mbele kwa siki, nikafungua madirisha yote mawili, nikarudisha kitanda cha mama, nikamwongoza mpaka kitandani pake, tukitua kila baada ya hatua mbili tatu. Alijaribu kukataa, lakini kukataa kunataka pumzi.

Mume wangu aliingia alasiri. Nilikuwa uani nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Nikamsikia akifika chumba cha nyuma, kisha nikamsikia akija mbio ukumbini na buti zake. Alisimama mbele ya pazia la mama. Mkono aliuinua, lakini pazia hakuligusa. Hilo tu ndilo alilojua kuheshimu.

"Mwambie mamako nitafukuzwa kazi!" akanipigia kelele. "Mwambie ngozi ile ikioza nimekwisha! Mwambie!"

Sikumwambia mtu. Niliendelea kukuna nazi.

Ndipo mama akasema kutoka ndani, na safari hii hakunisemesha mimi.

"Baba."

Tangu siku ya harusi yetu hakuwahi kumwita. Mume wangu alishusha mkono. Tulimsikia mama akivuta pumzi kwa mluzi, taratibu, akiikusanya.

"Ng'ombe wa ngozi hiyo alikufa zamani."

Akatua. Akavuta nyingine.

"Mie bado."