Fundi wa Mafriji na Rekodi Zake Tano

Usiku ule simu yangu ilikuwa imechomekwa chaji, nami niliishika mkononi, kwa hiyo nilikaa pale ukutani kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mwanangu alikuwa chumba cha upasuaji. Mdogo wake wa kike ndiye aliyempeleka hospitali. Mimi niliambiwa nibaki nyumbani, maana nikiona damu presha inapanda, halafu wanakuwa na wagonjwa wawili.

Mwanangu ni fundi wa mafriji. Mchana huo alikuwa anajaza gesi kwenye friji ya mteja, mpira wa gesi ukachomoka kwa nguvu na kile kichwa chake cha shaba kikampiga mdomoni. Kuhusu uhai nilishaambiwa mapema kuwa hakuna hofu, kwa hiyo ningeweza kwenda kulala. Lakini mdomo ule ndio uliokuwa ukipuliza saksafoni, na daktari hakujua hilo mpaka binti yangu alipomwambia.

Simu ikaita.

"Mama, wamemaliza. Meno mawili ya mbele juu hayapo. Mdomo wa chini umeshonwa."

"Umeshonwa wapi?"

"Katikati."

"Katikati kabisa?"

"Mama, katikati ni katikati."

"Na kupuliza je?"

"Daktari anasema atakula, ataongea, atabusu. Kupuliza, anasema tutaona."

Ninyi mlioshika sanduku hili mna rekodi tano mikononi. Usiku ule zilikuwa nne. Mwenye duka la rekodi aliponiomba niandike maneno ya kutangulia, nilimwambia jazi siijui na shule niliishia darasa la saba. Akasema wanaoijua jazi wameshaandika, na hata yeye hakuelewa walichoandika. Basi nitaeleza jinsi kila rekodi ilivyopatikana. Utamu wake mtausikia wenyewe.

Saksafoni yenyewe ilitoka ndani ya friza. Mwanangu alikuwa bado anajifunza kazi, akanunua friza bovu kutoka kwenye klabu iliyofungwa, ili alichomoe vipuri. Alipoinua mfuniko akakuta saksafoni imelazwa ndani, imefungwa kwa kitambaa cha meza. Nilimwambia airudishe, mali ya watu ile. Akaenda, na mlinzi aliyemkuta pale akamjibu, "Aliyekuwa akiipiga alishaondoka zamani. Ukiniachia mimi nitafukuzia kuku." Akarudi nayo. Baba yake akaitazama, akaiita honi, na hadi anakufa hakuiita kwa jina jingine.

Rekodi ya kwanza waliifanya karakana kwake, kwa redio ya kaseti. Alikuwa na rafiki yake, fundi makochi, ambaye hadi leo ndiye mpiga ngoma wake. Tatizo likawa mafriji. Yalikuwa yamejaa karakana nzima yakivuma, na kaseti ilidaka ule mvumo kuliko muziki. Wakachomoa kila waya waliouona ukutani. Wakapiga hadi wakatosheka, wakafunga, wakaenda zao kwa furaha. Asubuhi muuza nyama wa jirani akaja kufungua friza lake, ambalo siku zote alikuwa akiliweka pale. Sitaeleza harufu. Alimwita mwanangu majina yote anayoyajua, kisha akaisikiliza ile kaseti, akasema, "Angalau ungepiga vizuri." Ndiyo maana rekodi ile inaitwa Nyama ya Jirani. Mwanangu ana makosa mengi humo, na mimi bado naipenda, maana anapiga kama mtu anayekimbia mvua huku anacheka.

Ya pili ilifanyika studio ya kukodi. Wajuzi wanasifu kasi yake. Mwenye studio alikuwa amesimama nyuma ya kioo anagongagonga saa yake ya mkononi, na kasi ilitoka hapo. Lakini sikilizeni wimbo wa mwisho, ule wenye sauti moja ya besi inayovuma mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni sauti ya kompresa ya friji. Kwa jinsi alivyoyachukia mafriji kwenye rekodi ya kwanza, sikutegemea angekwenda kumfundisha mpiga besi kuvuma kama mojawapo.

Ya tatu aliitunga akimuuguza baba yake. Nyumba yetu ni vyumba viwili, ukikohoa huku wanakuitikia kule. Ili asimsumbue mgonjwa, mwanangu alisokomeza taulo ndani ya saksafoni na kupiga taratibu, karibu na dirisha. Tungo zote za humo zina pumzi fupi na mapengo marefu, kwa sababu alikuwa akinyamaza kusikiliza kama mzee ameamka. Siku moja mzee alikuwa macho muda wote. Akauliza kutoka kitandani, "Hiyo honi yako leo haina betri?"

"Nilidhani umelala, baba."

"Nitalala vipi na wewe unaanza jambo humalizi?"

Baada ya mazishi aliirekodi hivyohivyo, na mapengo yake. Watu wamenieleza kuwa ni rekodi ya huzuni. Mimi nasikia mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa.

Ya nne ndiyo mnayoijua. Wapigaji kumi, tarumbeta tatu, ikachezwa redioni mpaka muuza nyama akaanza kusema yeye ndiye aliyemlea. Mwishoni mwanangu anapanda juu, anaishika ile sauti na haiachii. Mara ya kwanza kuisikia nilishika ukuta nikidhani mishipa ya shingo itampasuka. Kila nikiisikia bado naumia shingo.

Basi ile sauti ya juu ndiyo iliyoshonwa kwa nyuzi za hospitali.

Alirudi kazini, akawekewa meno ya bandia, akawa anatengeneza mafriji ya watu kama kawaida, tena kwa bidii ya kutia shaka. Saksafoni aliipeleka kwa fundi makochi, akasema nyumbani inashika vumbi. Nyumba yangu haina vumbi. Nilimtazama akila, nikamtazama akinywa chai, nikaona anavyokigusa kile kikovu kwa ulimi akidhani simwoni. Nikimuuliza anasema, "Mama, niko sawa," na mimi najua mtu aliye sawa hasemi hivyo mara nyingi kiasi kile.

Kisha akaja mwenye duka la rekodi na wazo la sanduku. Tulikuwa tumekaa karakana, mimi nimeleta chakula.

"Tuweke zile nne," akasema, "tuandike juu: rekodi zake zote."

Mwanangu akajibu bila kuinua kichwa kwenye friji, "Weka nne. Zimetosha."

Fundi makochi alikuwa ameegemea mlangoni. "Nne ni miguu ya kochi," akasema. "Umeshaona mtu anakalia miguu?"

"Wewe shona makochi yako."

"Nashona. Mimi mkono wangu ulipigwa nyundo mara ngapi? Ungekuwa wewe ungeshaandika wosia."

Mwanangu akatupa bisibisi ndani ya sanduku la vifaa. Mwenye duka akaaga, akasema atasubiri kidogo kabla ya kuchapa maneno yale. Usiku huo sikupata usingizi. Nilijua yakishaandikwa juu ya sanduku kuwa hizo ndizo zote, mwanangu atayasoma na kuyaamini.

Jumapili moja fundi makochi alinipigia simu kwa sauti ya chini. "Mama, ameniomba ufunguo wa stoo ya sponji. Na ile kompyuta yangu ya kurekodia. Usimwambie nimekwambia." Kabla hajakata simu nilikuwa nimeshaanza kutafuta viatu.

Nilimkuta fundi makochi amekaa nje ya stoo, juu ya kiti ambacho bado hakijavikwa kitambaa.

"Yumo?"

"Yumo."

"Anapiga?"

"Kwa sasa anapumua."

Stoo ile imejaa sponji hadi darini, kwa hiyo sauti inatoka kama imefunikwa blanketi. Nikasikia mlio kama wa mtu anayekoroma, ukakatika. Ukaja tena, ukakatika mapema zaidi. Kisha kitu kikaanguka. Nikasimama.

"Mama, kaa."

"Ameanguka!"

"Hajaanguka. Ametupa kitu."

"Kitu gani?"

"Si saksafoni. Saksafoni ningeijua."

Nikaushika mkono wa mlango. Fundi makochi akanishika kiwiko, yeye ambaye siku zote ananiogopa. "Ukifungua sasa atatoka, atakwambia yuko sawa, na hatarudi tena humo ndani."

Nikauachia.

Nikakaa tena. Halafu ikaja sauti moja ya chini, nzito, ikakaa. Ikafuata nyingine jirani yake. Hakupanda. Alizunguka hukohuko chini, taratibu, akirudia, na pembeni ya kila sauti kulikuwa na hewa inayovuja kama tairi linalotoka upepo. Mtaisikia hewa hiyo kwenye rekodi ya tano. Huo ni ule mshono. Msidhani santuri yenu ni mbovu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa na tone la damu mdomoni na jasho shingoni.

"Mama, umefuata nini?"

"Nilikuwa napita."

"Unapita kwenye stoo ya sponji?"

"Mdomo wako unatoka damu, mwanangu. Hebu niuone."

"Utauona kesho." Akamgeukia fundi makochi. "Na wewe unangoja nini hapo nje? Nimepata sauti tatu."

"Tatu tu?"

"Tatu. Zilete ngoma kabla sijazisahau."

Fundi makochi akabeba ngoma zake mbio hadi akasahau kiatu kimoja nje. Nami nikainuka kumfuata. Mwanangu akaweka mkono kwenye mlango, kwa upole.

"Wewe ukinitazama hivyo, mama, siwezi."

Akaufunga. Nikasikia komeo likiingia kwa ndani.