Friji Langu la Kuwekea Nguo

Naam, ni mimi yule Zuhura wa Mtoni mliyesikia habari zake, na aibu nimeipata kweli, sikatai, lakini najua mlikohadithiwa mumetiliwa chumvi, bora mnisikie mwenyewe.

Friji langu limekufa zamani. Ni la vyombo vyangu vya harusi, kanipa marehemu mama, sasa nilitupe? Limesimama ukumbini na kitambaa chake cha kufuma na maua ya plastiki juu, maana kwetu nyumba isiyo na friji ukumbini wageni huitazama mara mbili, na ndani naweka nguo zangu (mpira wa mlango bado unabana, panya hapiti, kabati gani litakupa hilo?).

Siku hiyo wakaja wanawake watano kumtazama binti yangu Rukia kabla ya kutoa neno la posa, wakiongozwa na Bi Salma wa Bwejuu, shangazi wa kijana mwenye kuposa, na kapu lake la samaki wa zawadi. Jua kali, akaomba maji. Ningesema yapo ya mtungi, mambo yangekwisha hapo. Mimi nikasema, "Ya baridi yapo, Bi, nakuletea," Rukia akanikonyeza, nikamkata jicho, nikachukua jagi nikatokea mlango wa uani mbio mbio kwa jirani.

Huku nyuma Bi Salma kaona samaki wataharibika, kainuka awatie mwenyewe kwenye friji. Narudi na jagi linatoa jasho, nakuta mlango wazi, sidiria zangu zimemwagika miguuni pake, na kijora changu cha kulalia kimenasa kwenye mkia wa samaki.

"Bi Zuhura," akaniuliza taratibu, "hayo maji umeyatoa wapi?"

"Kwa jirani."

"Maji umetudanganya. Na huyu binti, je, umetudanganya nini?"

Hapo niliogopa, wallahi, kwa sababu Rukia anampenda yule kijana, na mimi nishamharibia kwa jagi la maji. Akajibu Rukia mwenyewe, kainamisha kichwa:

"Mie nlitaka aseme lishakufa, Bi. Nkamkonyeza, akankata jicho."

Bi Salma alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu tunamchukua," akasema.

Huyu! (Na aliyemzaa akamlea hivyo ni nani, jamani?) Nikaweka jagi, nikaokota nguo zangu mbele yao wote, nikazikunja moja moja nikazirudisha ndani, sikuharakisha hata kidogo, kisha samaki tukawapika saa ile ile kwa kuwa hapakuwa na pa kuwaweka.

Maji ya watu sitayaita yangu tena, hilo naapa. Lakini friji silitoi ukumbini, na Rukia yuko kwa mumewe. Anayenicheka, kwanza aozeshe wake.