Mama Mkwe Kortini Nakuru

Watu wakianza kuwasengenya mama wakwe mbele yangu, mimi huwaambia wanyamaze kwanza. Mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa mama mkwe wa mume wangu, na kama si yeye, sijui watoto wangu wangekula nini.

Tulikuwa Elburgon, miaka ya hamsini. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao cha mzungu mmoja. Siku moja gogo lilibingirika kutoka kwenye rundo likamgonga nyonga, akaanguka na kuchubuka goti. Mimi nilikuwa nimejifungua juzi yake tu, hata kusimama sawasawa siwezi. Mama alikuwa amekuja kunisaidia na mtoto, kwa hiyo yeye ndiye aliyepanda naye lori mpaka hospitali, Nakuru.

Dresa, yule mfunga vidonda, akamwuliza mume wangu, "Umeumia wapi?" Sasa, kwetu mwanamume hamtajii mama mkwe mambo ya kiunoni. Hata usoni hamtazami. Na mama alikuwa amesimama pale pale, kikapu mkononi. Bwana huyu akasema, "Goti." Walipotaka kumvua suruali akakataa katakata, akajifunika koti lake la kazi, akaikunja suruali mpaka gotini tu. Woi! Mtu mzima, mfupa umepasuka, anaona haya! Nilipokuja kujua nilimgombeza mpaka mtoto akaamka.

Goti lilipona. Nyonga ikaunga vibaya, akawa hawezi kuinua hata debe la maji, na kiwandani wakamwachisha kazi. Nyumba nayo ilikuwa ya kiwanda, kwa hiyo tulikuwa tunangojea kutupwa nje na mtoto mchanga. Afisa wa leba, yule wa serikali anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi, akatusaidia kufungua kesi ya fidia.

Kortini, mtu wa bima alikuja na karatasi za matibabu yote ambayo kampuni yake ililipia. Akazisoma moja moja, karani akitafsiri: bandeji ya goti, dawa ya goti, kusafisha goti. Nyonga haikuwamo popote. Akasema huyu ameanguka kwingine, pengine kwenye pombe, sasa anamsingizia mwajiri wake. Pombe! Mume wangu ambaye hata busaa hakuwa anaonja!

Hakimu akamwuliza kwa nini alisema goti. Akauliza tena. Bwana anatazama viatu vyake, jasho linamtoka, maana mama alikuwa kwenye benchi la nyuma. Basi nikamwona mama anakaza kitambaa chake cha kichwa, akasimama bila kuitwa. Askari akamwambia aketi. Hakimu akasema aletwe mbele, aape.

"Alisema goti kwa sababu yangu," mama akasema. "Mimi ni mama mkwe wake. Hangeweza kutaja kiuno nikisikia."

Mtu wa bima akatabasamu, akamwuliza yeye alijuaje kwamba kiuno kiliumia siku hiyo.

Mama akamgeukia hakimu. "Nilimfulia suruali. Binti yangu alikuwa kitandani, na hakukuwa na mtu mwingine. Gotini palikuwa na damu kidogo. Hapa," akashika nyonga yake mwenyewe mbele ya watu wote, "kitambaa kilikuwa kimechanika, kimejaa damu na maganda ya mti."

Hata karani alisita kutafsiri. Mama mkwe kufua suruali ya mkwewe! Kwetu hilo ni jambo la kwenda nalo kaburini, na hakuwa ameniambia hata mimi. Nililia kwa aibu, halafu nikalia kwa shukrani.

Hakimu akaagiza daktari ampime mume wangu upya, safari hii bila suruali, na ule mfupa ukaonekana. Tulishinda. Kwa fidia ile tulinunua cherehani, mume wangu akawa fundi wa nguo, kazi ya kukaa, na watoto wakakua.

Lakini siku ile mama aliposema, hatukujua bado kama tutashinda. Tulipotoka alitangulia mbio mbio kuelekea stesheni, kichwa chini, hataki tumfikie. Mume wangu akamfuata akichechemea, akapaza sauti barabarani: "Mama! Mama, ningojee!" Hakuwa amewahi kumwita. Mama hakugeuka, lakini alisimama.