Mwajabu na Ratiba ya Saa Mbili

Mbweni kulikuwa na sheria moja ambayo haikupitishwa na bunge lolote: maji makuu ni ya wanaume, maji ya magotini ni ya wanawake. Mwanamume mwenye heshima zake atapanda ngalawa, atapotea huko, atarudi na nguru begani. Lakini kutembea kwa miguu maji yanapokupwa, kuchokoa pweza mashimoni, kutanda uduvi kwa kanga kuukuu, hiyo ni kazi ya mama yake na mkewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wanaume wa Mbweni hawainami.

Ndiyo maana mwaka 1969, hoteli ya shirika la umma ilipofunguliwa pale ufukweni na wageni wakataka kuvua samaki aina ya kungu kwenye maji mafupi, meneja wa kwanza alizunguka kijiji kizima akitafuta mwanamume wa kuwaongoza asimpate. Kila aliyemuuliza alimjibu lile lile: "Mtafute Mwajabu."

Mwajabu binti Marijani alikuwa mjane anayeikaribia arobaini, mfupi, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mkondo. Mama yake alimpeleka funguni, kwenye tuta la mchanga linalojitokeza maji yakikupwa, angali anabebwa. Akajifunga kibwebwe, akashika kijiti chake cha kuchokolea pweza, akaanza kuongoza watu wenye fimbo za kuvulia zinazong'aa kuliko sufuria mpya. Alitangulia, wao nyuma kwa mstari. "Buruta!" aliwaambia. "Buruta miguu!" Maana samaki taa hulala chini ya mchanga, na ukimkanyaga mgongoni atakuchoma mwiba utakaokuliza mchana kutwa, lakini ukimsukuma kwa kidole atajiondokea zake. Wapo Waswidi waliorudi kwao Kiswahili chao chote kikiwa ni hilo neno moja.

Kungu, yule samaki mwekundu mwenye nguvu za punda, huingia kwenye mkondo maji yanapoanza kurudi, akifuata kaa na kamba kuelekea kwenye mikoko. Mgeni haoni kitu. Mwajabu aliona maji yakikunja uso, akanyoosha kijiti, mgeni akatupa ndoana pale pale, na fimbo ikapinda. Halafu kulikuwa na jiwe. Jiwe dogo tu jeusi ukingoni mwa fungu, na maji yakiligusa, safari imekwisha, hata kama una kungu wa ratili ishirini kwenye mshipi. Wageni walinung'unika. Yeye alikuwa ameshageuka anaondoka, nao hawakuwa na la kufanya ila kumfuata.

Ukali ule ulikuwa na sababu. Fungu la Mbweni liko juu kuliko nyuma yake. Bahari ikirudi haikujii usoni kama mtu mstaarabu. Inapita pembeni, inajaza kwanza ule mkondo ulio kati yako na pwani, wewe umesimama pakavu unacheka na samaki wako, kumbe umeshafungiwa mlango. Kila mtoto wa pale anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu. Kwa miaka sita Mwajabu aliongoza wageni wasiohesabika, na hakuna hata mmoja aliyelowa juu ya kiuno.

Shukrani yake ilikuwa picha. Shirika lilichapa kijitabu cha kuwaita wageni, na ndani yake yupo mzungu kamkumbatia kungu, meno yote nje. Kando ya picha inaonekana ncha ya kanga na nusu ya mkono ulioshika kijiti. Mwenye mkono amekatwa. Mwajabu alipoonyeshwa aliangalia sana ule mkono, akasema, "Huyu ni mie," na mtu wa mapokezi akamjibu kwamba ndiyo, imetoka vizuri.

Mwaka 1975 akaja meneja mpya, Bwana Revelian, mtu wa Bukoba, aliyesomea hoteli ng'ambo na kurudi na cheti chenye fremu. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alisalimia, alilipa watu kwa wakati, alipiga vita uchafu jikoni. Ila alikuwa na ugonjwa wa kutoweza kuambiwa. Na jambo la kwanza alilotangaza ni kwamba nchi iko vitani na ujinga, kwa hiyo kila mfanyakazi asiyejua kusoma na kuandika ajifunze kabla ya mtihani wa kisomo, la sivyo nafasi yake apewe mwingine.

Mwajabu hakubisha. Jioni tatu kwa wiki alikwenda ofisi ya tawi la chama, akakaa kwenye benchi na wenzake, na mwalimu Yuliana, binti mdogo kuliko mwanawe wa mwisho, akamfundisha a, e, i, o, u. Hakuwa na daftari la kuchezea, basi alifanya mazoezi funguni. Kwa kijiti cha pweza aliandika mchangani: *baba*, *kaa*, *maji*. Bahari ikafuta, kesho akaandika tena. Mwezi wa nane akafanya mtihani, akafaulu, akatembea na cheti chake amekikunja kwenye pindo la kanga kama dawa.

Jumatatu moja alfajiri akaingia hotelini kwa mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza akakaribia ubao wa matangazo kwa macho ya mtu anayejua. Akaweka kidole kwenye karatasi. Hili ndilo jambo la kwanza alilosoma katika maisha yake ambalo si kitabu cha darasa:

*Ratiba. Uvuvi wa kungu, kila siku saa mbili kamili asubuhi. Kiongozi: Ndugu Nikodemu.*

Akalisoma mara mbili, akitumaini kwamba amekosea herufi. Hakukosea. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Nikodemu alikuwa mhudumu wa meza, kijana mpole wa kutoka Masasi, ambaye bahari aliikuta ukubwani na bado walikuwa hawajazoeana. Alipomwona Mwajabu pale ubaoni aliinamisha kichwa. "Shikamoo mama. Mie sikuomba."

"Marahaba mwanangu. Najua hukuomba." Akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Bwana Revelian alimkaribisha kiti. Alieleza kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Wageni wanategemea kumkuta kiongozi aliyevaa sare. Mama wa makamo aliyefunga kanga mapajani, si picha ya taifa linalojenga. Atapewa kazi ya kufua mashuka, kivulini, hata kuchoka hatachoka.

"Haya ya kanga tuyaache," Mwajabu alisema, ingawa moyo ulikuwa unachemka. "Hii saa mbili ya kila siku umeitoa wapi?"

"Nilikwenda mwenyewe. Mwezi ulipokuwa mpevu tuliondoka saa mbili, tukavua, tukarudi. Safi kabisa. Wageni wanataka saa inayojulikana, Mama."

"Bwana Meneja, maji hayaendi kwa saa ya ukutani. Kila siku yanachelewa. Leo yanakupwa alfajiri, yanasogea, yanasogea. Jumamosi hii yatakuwa yameshakupwa kabla ya saa mbili. Wewe unakwenda, yenyewe yanarudi."

Revelian akacheka, si kwa ubaya. "Mama, mimi nimezaliwa ziwani. Baba yangu mvuvi, babu yangu mvuvi. Maji usinifundishe."

Mwajabu akainuka kitini. Mtu wa ziwani! Ziwa linalolala pale pale asubuhi na jioni, tangu babu hadi mjukuu! Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na huyu maji aliyoyafika yalikuwa hayaendi popote. Mkoloni aliyekuwa akimtumia mama yake zamani kumwongoza funguni alimwita "wewe" na hakumjua jina, lakini mkoloni yule angalau alijua kwamba hajui, akafuata nyuma kimya. Tumepata uhuru, tumekuwa ndugu, na ndugu yako ndiye anayekuambia kaa kivulini ufue mashuka. Alitoka bila kuaga. Akaapa hatakanyaga tena maji kwa ajili ya mtu yeyote wa hoteli ile.

Jumamosi wanawake wa Mbweni waliwahi funguni kungali na giza kidogo, na saa mbili walikuwa wanarudi, vikapu vimejaa pweza. Wakakutana njiani na msafara. Mbele Nikodemu, amevaa sare nyeupe na viatu vya ngozi. Nyuma yake wageni wawili wa shirika kutoka mjini, wateja wa kwanza wa ratiba mpya, na mwisho Bwana Revelian mwenyewe, suruali imekunjwa vizuri. Wanawake wanarudi, wanaume wanakwenda. Mwenye akili angesimama akauliza kwa nini.

"Nikodemu," Mwajabu aliita. "Maji yameshageuka."

Nikodemu akamtazama meneja. Meneja akatazama saa yake ya mkononi. "Saa mbili na dakika tano. Tumechelewa kidogo tu. Twende."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanaasha, jirani yake Mwajabu, akasema, "Waache wayanywe, wajue chumvi yake." Na Mwajabu, Mungu amsamehe, alitamani hivyo hivyo. Aliketi ufukweni, akaweka kikapu chini, akatazama. Alitaka kumwona meneja amelowa na cheti chake chenye fremu.

Kule funguni walikuwa na raha zao. Mgeni mmoja alipata kungu mkubwa, mwekundu, na kelele za furaha zikafika pwani. Hakuna aliyelitazama jiwe, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba lipo. Jiwe likaguswa, likalowa, likazama. Nyuma yao mkondo ulikuwa umeshajaa kiunoni, unapanda.

Nikodemu ndiye aliyegeuka kwanza. Hata kwa mbali, Mwajabu aliuona mwili wa kijana ukikakamaa. Mtoto wa watu, mama yake yuko Masasi anajua mwanawe anapanga vijiko, na kuogelea hajui.

"Mpumbavu mkubwa we," Mwajabu alisema kwa sauti, na haikujulikana anamwambia meneja au anajiambia mwenyewe. Akaingia majini.

Hakukata moja kwa moja. Kuna mgongo wa mchanga chini ya maji, umepinda kama mundu, ambao mama yake alimwonyesha kwa nyayo na si kwa maneno. Aliufuata, maji yakamfika kifuani, akatokea funguni, ambako sasa pakavu palibaki padogo kama mkeka.  Akaivua kanga yake ya juu, akaisokota kama kamba, akampa Nikodemu ncha. "Shikaneni. Mimi mbele. Nikipinda, pindeni. Buruteni miguu."

Revelian alikuwa amemkumbatia kungu wa mgeni, fimbo mkono wa pili.

"Tupa."

"Mama, huyu samaki ni wa—"

"Tupa samaki, shika kanga!"

Akatupa. Maji yaliwafika mabegani, na mgeni mmoja alikuwa analia waziwazi, lakini walipinda alipopinda na kuburuta alipoburuta, na wote wanne walitoka pwani wazima, wamepungukiwa viatu tu. Revelian alikaa mchangani akitapika maji ya chumvi. Mwajabu alimngojea aseme neno. Lolote lile. Alisema, "Wapeni wageni mataulo."

Jumatatu aliingia tena kwa mlango wa mbele. Ubaoni kulikuwa na karatasi mpya.

*Tangazo. Kutokana na bahari kuchafuka ghafla siku ya Jumamosi, uvuvi wa kungu umesitishwa kwa muda. Aidha, kwa usalama wao, akina mama wa kijiji hawaruhusiwi kupita mbele ya hoteli kwenda funguni.*

Akarudisha kidole kwenye mstari wa kwanza. Bahari kuchafuka! Bahari ambayo Jumamosi ilitulia kama maji ya mtungi! Wamemkosa wa kumlaumu, wakailaumu bahari, na adhabu wakawapa wanawake wale wale waliojua. Njia ya mama yake, na ya mama wa mama yake, imefungwa kwa mstari mmoja na nusu, kwa usalama wao. 

Kando ya matangazo kulikuwa na ubao mweusi wa chakula cha siku. Wali, samaki wa nazi, matunda. Mwajabu akafuta wali, akafuta samaki, akafuta matunda, akachukua chaki. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa za kisomo, ulimi umetoka kidogo.

*Bahari haikuchafuka. Jumamosi maji yalikupwa saa mbili kasorobo. Leo saa tatu. Kesho saa tatu na nusu. Keshokutwa saa nne na dakika kumi. Mwajabu binti Marijani.*

Wale wageni wawili walikuwa wanakunywa chai. Mmoja alisimama na kikombe mkononi, akasoma, akamwita mwenzake. Bwana Revelian akatoka ofisini, akaona ubao, uso ukambadilika.

"Nikodemu. Futa."

Nikodemu alikuwa na kitambaa cha meza begani. Akakichukua. Akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya meza.

"Nisamehe, Bwana Meneja," alisema. "Mie nilikuwepo."

 Mwajabu alipangusa chaki kwenye kanga, akatazama saa ya ukutani. Saa mbili na nusu. Alichukua kijiti chake alichokiegemeza mlangoni, akatoka, akapita mbele ya hoteli, mbele ya madirisha yote, akashuka kwenda funguni. Nyuma yake akaja Mwanaasha na wanawake wengine kumi na mmoja waliokuwa wakimngoja njiani, vikapu kichwani, na hakuna aliyewazuia.