Hewa ya Likoni Ndani ya Upper Hill

Ilikuwa Jumanne, mapema mwezi wa Julai, nami nilikuwa nikipima miale ya mashine ya kutibu saratani katika hospitali moja ya Upper Hill. Nichekeni sasa hivi, kwa sababu aibu ya siku hiyo bado inanichoma masikio.

Nimerudi chuoni kusoma fizikia nikiwa na watoto wakubwa (umri msiulize), na utafiti wangu ni kuboresha ukaguzi wa mashine hizo, ambazo huzisukuma elektroni kwa kasi ya ajabu mpaka zitoe miale. Kifaa chetu cha kupimia kina hewa ndani yake, kwa hiyo ni lazima kwanza ujue mgandamizo wa hewa ya chumbani. Nami kipimahewa nilikuwa nimekisahau nyumbani Muthangari, na badala ya kuazima cha idara (niliona haya, mtu mzima kuazima azima), nikachukua tarakimu ya mgandamizo iliyokuwa kwenye taarifa ya hali ya anga ya simu, nikaitia kwenye hesabu.

Jibu likatoka pungufu kwa karibu moja ya tano. Sikurudia. Nilitoka mbio hadi ukumbini, na mbele ya wagonjwa waliosubiri zamu nikamtangazia msimamizi wangu, Daktari Kilonzo, kwamba mashine inatoa miale hafifu na isitumike.

Mama Mwende, mgonjwa aliyekuwa amebakisha vikao vichache tu vya matibabu, akanitazama. "Kwa hivyo zile zote nimechomwa ni za bure? Naanza upya?"

Kilonzo akasimamisha matibabu, tukaingia ndani, akapitia hesabu zangu, kisha akaweka kalamu chini.

"Zuhura, hii presha umetoa wapi?"

"Kwenye simu."

"Simu inakupa ya usawa wa bahari, dadangu. Hapa ni Upper Hill, juu huku, si Likoni kando ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, ndiyo maana hesabu yako ikatoka pungufu."

Tukarudia kwa kipimahewa cha idara; mashine ilikuwa sawa kabisa. Nilicheka huku machozi yakinitoka, maana afadhali mimi niwe mjinga kuliko yule mama awe ametibiwa nusunusu.

"Sasa toka uwaambie," Kilonzo akasema, "na kwa sauti ile ile."

Nikawaambia. "Madam," mzee mmoja akasema, "ugonjwa tuliuzoea, ni wewe ungetumaliza." Ukumbi mzima ukacheka, isipokuwa Mama Mwende, aliyeniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaitwa ndani.

Wiki kadhaa baadaye, niliposikia amemaliza vikao vyake, nilimwandikia:

"Mama Mwende, uliniuliza kama nina hakika, nami nikakujibu haraka mno. Tangu siku ile nimeipima mashine hiyo kila wiki, kipimahewa kikiwa mkononi, na sijaikuta pungufu. Hukuchomwa bure hata siku moja. Nami nikipata tena jibu la kutisha, nitalirudia kimya kimya kabla sijafungua mlango. Ni mimi Zuhura, yule wa kelele."