Leodegar Alionja Kwanza

Kwao Rombo, Uchagani, kuna kanuni ambayo Leodegar hajaivunja hata mara moja: anayempa mgeni pombe huionja kwanza, mgeni akiona, na akishaionja huimeza. Katika hoteli anayofanyia kazi, karibu na Khuwair ya Kusini hapa Maskati, kuna kanuni nyingine, nayo imebandikwa nyuma ya kaunta: mhudumu wa baa haweki kileo mdomoni akiwa kazini. Kwa miaka mingi kanuni hizo mbili zilikaa pamoja bila kugombana, na kilichozipatanisha kilikuwa gesi.

Nitaeleza, ingawa mimi situmii kileo na sioni fahari yoyote kukifahamu. Bia aliyokuwa akiimimina Leodegar ni ile nyororo inayosukumwa na naitrojeni. Hutoka bombani na mapovu madogo sana, hutulia polepole ndani ya glasi, kisha juu hujifunga povu zito kama malai. Ni baridi, haina ukali, haichomi ulimi. Kiwandani wameichuja mpaka ikafa kabisa, kwa hiyo ya leo ni ileile ya juzi na ya mwezi ujao. Leodegar aliihesabu pamoja na soda, na soda haionjwi. Kwa hesabu hiyo mama yake, aliyeuza mbege, pombe ya ndizi ya kwao, pale Mkuu mpaka uzeeni, hakuwa na la kumlaumu. Na kwa hesabu hiyohiyo alikuja kila Ijumaa, siku yetu ya ibada huku, kanisani Ruwi akiwa ameridhika na dhamiri yake, jambo ambalo mimi mzee wa kanisa nililitazama kwa mashaka.

Alikuwa na majivuno ya kazi. Aliinamisha glasi, akajaza nusu, akangoja, akamalizia, akafuta ukingo kama mtu anayefuta miwani ya askofu. Theodora, mhudumu mwenzake kutoka Bukoba, mlokole ambaye hajapata kuonja hata togwa iliyolala, alikuwa akimsubiri na sinia mkononi, akimwita Mangi kama wanavyoitwa Wachagga wengi.

"Mangi, hilo povu unamnywesha mtu au unataka kumnyoa?"

Leodegar alimjibu kwamba mtu asiyekunywa hana kura.

Mapema mwaka huu msimamizi wa baa aliacha kazi. Meneja, Mlebanoni mpole mwenye kushika neno lake, alimwambia Leodegar waziwazi kwamba nafasi ile ni yake, mradi juma la vyakula na vinywaji vya Kiingereza lipite salama. Cheo hicho kina nyumba ya vyumba viwili Hamriya, na hoteli humshughulikia msimamizi vibali vya kumleta mkewe. Filomena, mke wa Leodegar, yuko Rombo. Tangu waoane wamekuwa wakionana wakati wa likizo tu. Leodegar alimpigia simu usiku huohuo, na kufikia Jumapili Filomena alikuwa ameshamwahidi dada yake kuku wote.

Basi kwa ajili ya juma hilo likaletwa pipa kwa ndege. Ndani yake mlikuwa na bia ambayo Waingereza huienzi kuliko ile nyororo. Haisukumwi na gesi ya mtungi. Huvutwa kwa mkono, kwa mpini mrefu kama wa pampu ya kisima. Haigandishwi, hupozwa kidogo tu. Hamira imo bado humo ndani, hai, inaendelea na shughuli zake, na machicha hulala chini. Lazima pipa litulie kabla ya kufunguliwa, na likishafunguliwa hewa huingia, na kuanzia hapo bia inaelekea kuchacha.

Leodegar alipofungua pipa na harufu ikampiga, aliinama akainusa tena. Theodora anasema alimwona akivua kofia. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama yake: kitu kilicho hai, kichungu kidogo, kama mbege iliyotiwa gome la msesewe. Ile bia nyororo aliyoisifia miaka yote aliiona kuanzia saa hiyo kama picha ya mtu, na hii kama mtu mwenyewe. Alikataza mtu yeyote kuligusa pipa, akalifunika kwa taulo zenye barafu, na kila aliyepita karibu kwa kishindo alitazamwa vibaya. Theodora alimuuliza kama mtoto amelala.

Lakini tatizo la kitu kilicho hai ni kwamba hubadilika, na kitu kinachobadilika hakiwezi kuhesabiwa pamoja na soda. Kuonja lilikuwa jukumu la meneja, naye alionja kila mchana na kuondoka ameridhika. Siku za mwanzo zilipita vizuri.

Jioni ya mwisho aliingia mzee mmoja Mwingereza, mhandisi mstaafu, pamoja na mkewe, akaomba bia ya pipa. Leodegar alivuta mpini, akanusa, akasita. Meneja alikuwa kikaoni. Njia zilikuwa wazi, na nimemkumbusha mara nyingi: angeweza kungoja, angeweza kusema pipa limekwisha, angeweza kumpa mzee ile nyororo bila maelezo. Badala yake alichukua glasi ndogo, akamimina funda moja, akamtazama mgeni usoni, akanywa, akameza. Kisha akamwambia kwa heshima kwamba imeanza kuchacha, na kwamba kwa jioni ile angemshauri ile ya gesi, ambayo haina roho lakini haina ubaya.

Mzee alifurahi kupita kiasi. Aliionja na yeye, akasema kweli iko ukingoni, akainywa yote, halafu akainuka na kwenda kumtafuta meneja ili amsifie Leodegar. Alimkuta akitoka kikaoni na wakubwa wa hoteli. Mbele yao wote akatangaza kwamba katika maisha yake hajapata kuona baa ambayo mhudumu hunywa kwanza ili mgeni asidhurike.

Sifa ile ilitolewa kwa sauti kubwa na kwa moyo safi. Wakubwa walitabasamu, mzee akarudi kwa mkewe, na meneja akamwita Leodegar ofisini.

Meneja, nadhani, alikuwa akimtafutia mlango wa kutokea. Alimuuliza kama aliitema. Wanaoonja kwa kazi hutema, na kutema kungeweza kusameheka.

"Niteme mbele ya mgeni?" Leodegar alisema. "Si angejua nimempa sumu?"

Meneja akamweleza kwamba angesema tu ameitema, shauri lingeishia hapo. Leodegar akajibu kwamba aliimeza. Aliulizwa tena, taratibu zaidi, na akajibu vilevile. Hapo sina la kumkosoa, na ni hapo tu. Meneja alikwenda kuionja mwenyewe, akasema haijachacha, bia hizo ndivyo zilivyo. Leodegar akashikilia kwamba imechacha. Hawajaafikiana mpaka leo, na pipa lilimwagwa, kwa hiyo hakuna wa kuamua.

Nilipomtembelea kwake nilimwambia, kama ninavyomwambia kila mtu, kwamba kanuni ya mwajiri aliitia sahihi kwa mkono wake, na ya mama yake hakuna aliyeitia sahihi. Alinisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza kama ningependa maji, akaleta glasi na chupa kutoka jikoni, akamimina, na kabla hajanipa akanywa funda kidogo juu. Nilimwambia ni maji ya chupa, nimemwona akiifungua. Alisema ni mazoea.

Filomena alipopigiwa simu na kuambiwa cheo kimemponyoka mumewe, hakuuliza kwanza habari za cheo hicho.

"Ilikuwa imechacha kweli?"

"Ilikuwa imeanza."

Filomena akasema, "Basi ulifanya sawa, Baba Evodia. Ila ungemaliza glasi nzima, maana ndiyo pombe ghali kuliko zote utakazokunywa."

Siku ile ile, anasema Leodegar, dada yake Filomena alikuwa amekuja na tenga kuchukua kuku, akarudi nalo tupu.

Msimamizi wa baa sasa ni Theodora, ambaye hana hatari yoyote ya kuonja. Ndiye anayekaa Hamriya, na mumewe amefika kutoka Bukoba. Juzi alimpitia Leodegar kwenye bomba la naitrojeni, akamwambia, "Mangi, leo nimekuja kukagua, na bado sina kura." Leodegar akaendelea kufuta ukingo wa glasi.

Funda moja limemgharimu cheo na nyumba. Filomena bado yuko Rombo.