Kanga ya Kijani Isiyokuwamo Sandukuni

Mama alikuwa mtu wa sanduku. Lile la bati, la rangi ya buluu, lilikaa chini ya kitanda chake Tabora tangu nikiwa mdogo, na ufunguo ulikaa shingoni mwake. Tulipomaliza arobaini yake, mama mdogo, ambaye ndiye aliyebaki na ufunguo, aliuvua shingoni akanikabidhi. Nguo za marehemu zingegawiwa Ijumaa, kama ilivyo kawaida yetu.

"Chagua zako kwanza," alisema, "maana najua una mambo yako ya Dodoma."

Mambo ya Dodoma yalikuwa mfarishi. Jirani yangu kule aliyakata mashati ya marehemu mumewe, akayaunga kipande kwa kipande, yakawa kitu cha kujifunika. Nilipouona niliingiwa na wivu, sifichi. Nilitaka wa mama. Na kusema kweli nilitaka kanga moja tu. Nyingine zingekuwa za kuisindikiza.

Kanga yenyewe ilikuwa ya kijani, yenye michoro ya korosho, pindo lake jekundu. Baba alimnunulia mama Urambo, msimu ambao tumbaku ilikubali. Nilipougua utotoni, tukiwa bado Urambo, mama alinifunga mgongoni kwa kanga ile, akapanda treni hadi Tabora, akanifikisha Kitete hospitalini. Treni siikumbuki, wala daktari. Nakumbuka kijani, jasho lake, na sauti yake ikipita mgongoni mwake kuja sikioni mwangu kabla haijawafikia watu wengine. Sijawahi kuwa salama mahali pengine popote kama pale.

Basi nikafungua sanduku. Harufu ya udi na karafuu ikanipanda puani, nikalia kidogo, nikaendelea. Mlikuwa na kanga za harusi za watu, vitenge ambavyo havijawahi kuona maji, gauni la satini la Idi, hata kipande cha merikani, kile kitambaa kigumu cha pamba, cha babu yao mama na mama mdogo, aliyewauzia nguo watu wa misafara. Zote nzuri, zote zimekunjwa vizuri. Ya kijani haikuwamo. Nilikung'uta moja moja mpaka sakafu haikuonekana.

"Nani ameingia humu?" niliuliza, na sikuuliza kwa adabu.

Mama mdogo alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Aingie nani, na ufunguo nalala nao? Unatafuta nini?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani.

"Mwanangu, ile ilikaa sandukuni lini? Humo mna zile ambazo dada alizionea huruma. Ile aliivaa. Ikapauka, akaifanya ya jikoni. Akawakatia wadogo zako nepi. Ikawa ngata ya kuchotea maji, ikawa tambara la kuepulia sufuria."

"Halafu?"

"Halafu ikaisha. Nguo si zinaisha?"

Nilikaa juu ya zile nguo nzuri, nikazichukia. Ningemshonea mama mfarishi wa siku ambazo hakuziishi, siku za kusubiri wageni na za kusubiri Idi. Niliona kama ndiyo kwanza nafiwa.

Mama mdogo akauweka ungo kando. "Mto wa dada unaulaliaje?"

Swali lilinishangaza. Tangu msiba nililala kitandani kwa mama, na kila asubuhi niliulalamikia ule mto wake bila haya: una mabonge, unanipinda shingo.

"Vibaya," nilisema. "Kwani alikosa hata sufi ya kujazia?"

"Dada hakupata kutupa kitambaa," alijibu, akaenda kuuleta, na wembe mkononi.

Akaufumua upande mmoja. Vitambaa vikamwagika mkekani, vimefuliwa hadi vimelainika: nepi, kola ya shati la baba, kipande cha sare yangu ya shule. Nilianza kuchagua upya, polepole. Katikati kabisa ilikuwamo. Kijani kilikuwa kimebaki kidogo tu, lakini pindo lilikuwa jekundu bado, na korosho moja ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeilalia siku zote zile nikiilaumu.

"Za sandukuni gawa zote," nikasema. "Niachie merikani tu."

Tulishona wiki nzima, mama mdogo akiicheka mishono yangu. Merikani tuliiweka nyuma, maana vitambaa vilikuwa vimechoka, vilihitaji cha kuvishikilia. Korosho tukaiweka katikati. Mfarishi ulipokamilika haukutosha hata kitanda cha mtoto.

Siku ya kuondoka niliutupia mabegani. Mama mdogo akaunyoosha kwa nyuma, akapapasa korosho ya katikati. Ulinifunika mgongo tu. Nikapanda treni ya Dodoma, mama yuko mgongoni kwangu.